Mboga ni ileile, jina ndilo hubadilika mpakani

Mama anayeuza mboga Namanga, upande wa Tanzania, ataita mnavu, au mnafu kama ametokea Arusha au Moshi. Akivuka hatua chache kuingia Kenya, mteja wake ataliita jani hilohilo managu. Likifika Kisii litakuwa rinagu, Kisumu litakuwa osuga, na likisafiri hadi Kampala litapokewa kwa jina la ensugga. Jani ni moja, mmea ni mmoja, uchungu wake ni uleule.

Kwa mtu aliyekaa nyumbani hayo ni mambo ya kuchekesha. Kwa mfanyabiashara ni fedha. Aliyefika Busia na magunia mawili ya mboga, hajui mnunuzi wa pale anaiitaje wala anaipikaje, ataishia kuuza saa kumi jioni kwa bei ya kukata tamaa. Mahindi utayalaza ghalani yakingoja bei ipande, hata vitunguu vitakuvumilia siku kadhaa. Jani lililochumwa alfajiri likifika jioni limeshalala, na mteja hanunui jani lililolala.

Ndiyo maana makala haya yanazunguka masokoni na jikoni kwa majirani zetu: wanapenda mboga gani, na wanazila vipi. Muuza mboga hodari huuza na mapishi. Mteja akikuuliza, "Mama, hii inapikwaje?" ukamjibu bila kubabaika, umeshauza.

Chungu kinachopendwa

Tuanze na huyo mnavu, maana ndiye mwenye wapenzi wengi na majina mengi. Kenya, mboga hii ilipita kipindi cha kudharauliwa. Ilikuwa mboga ya kijijini, ya bibi, ya mtu asiye na fedha za kabichi. Leo managu inauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi na hotelini hukaa kwenye orodha ya vyakula pamoja na nyama choma. Waliochangia kuirudishia heshima ni pamoja na Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mboga za asili za Kiafrika. Yeye mwenyewe alikulia kwenye mboga hizo, kwa kuwa utotoni mwili wake ulikuwa ukikataa nyama, samaki, mayai na maziwa.

Arusha nako kuna kituo cha World Vegetable Center, na ndiko zilikopatikana aina za mnavu wa majani mapana kama Nduruma na Olevolosi. Mkulima aliyezoea mnavu wa porini, wenye majani madogo na vitunda vingi vyeusi, akiona majani ya aina hizi hudhani ni mboga nyingine. Muuzaji ajue tofauti hiyo. Jani pana hujaza fungu haraka na halina uchungu mwingi. Jani dogo la porini lina wapenzi wake, hasa wazee, wanaosema bila uchungu huo hakuna mboga.

Mapishi yake ya kawaida ni haya. Chambua majani na vichwa laini, acha mashina magumu, toa vitunda vya kijani maana vibichi havifai kuliwa. Osha kwa maji mengi. Chemsha kwa maji kidogo, na kama uchungu unakushinda mwaga maji ya kwanza, ingawa ukimwaga umemwaga na baadhi ya faida. Pembeni kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia nyanya, kisha mboga. Mpaka hapo Mtanzania ameridhika na anasonga ugali.

Mtu wa magharibi mwa Kenya hajamaliza. Atamimina maziwa au malai, ataacha mboga ichemke taratibu mpaka maziwa yaingie ndani ya jani, kisha ataizima na kuilaza hadi kesho. Siku ya pili huipasha moto na kuongeza maziwa kidogo. Ukionjeshwa mnavu wa siku ya pili uliolazwa na maziwa utaelewa kwa nini mteja wa Kisii au Kakamega hanunui fungu moja. Ananunua matatu, kwa sababu mboga ikishapikwa hunywea, na sufuria yake inapaswa kutosha siku mbili.

Buganda wana njia yao. Majani huoshwa, hufungwa ndani ya jani la mgomba na kuwekwa juu ya matoke yanayopikwa kwa mvuke. Vyote viwili huiva kwa moto mmoja. Mboga haipotezi rangi, haiogelei kwenye maji, na hubeba harufu ya jani la mgomba. Doodo, nakati na jjobyo hupikwa hivyohivyo. Doodo ni mchicha. Nakati ni jamaa wa karibu wa nyanya chungu, ila huliwa majani, na ni mboga ambayo Muganda ataiulizia sokoni kabla ya nyingine zote.

Jjobyo ndiyo mgagani wetu. Hapa sikiliza vizuri, ndugu unayefikiria soko la Rwanda. Mgagani kwa Kinyarwanda ni isogi. Mnavu ni isogo. Herufi moja ya mwisho inatenganisha mboga mbili ambazo hazifanani kwa sura wala ladha, na aliyeagizwa hii akapeleka ile atarudi na mzigo wake. Andika kwenye simu, au bora zaidi omba picha.

Mgagani ni mchungu kuliko mnavu. Wakenya wengi huuita saga au sageti, Kisii husema chinsaga, na Waluo husema dek. Wenye kuujua hawaupiki peke yake. Huchanganya na mnavu au mchicha ili uchungu upungue, au huulaza kwenye maziwa kama tulivyoeleza. Wazee wa pande nyingi humpikia mzazi aliyejifungua. Chunga kitu kimoja: mgagani ukishatoa maua majani huwa madogo na magumu. Mkulima akikuletea fungu lenye maua mengi meupe, anakuuzia mwisho wa shamba.

Kisamvu: nazi au mawese?

Hapa ndipo ugomvi wa kirafiki ulipo, na mwandishi hatajifanya hana upande.

Majani ya muhogo ni mboga ya eneo zima. Pwani ya Tanzania na Kenya ni kisamvu. Mashariki mwa Kongo ni sombe. Rwanda na Burundi ni isombe. Ukifika Kinshasa wataita pondu. Kila mahali kanuni ya kwanza ni moja, nayo haina mzaha: majani haya yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi. Lazima yatwangwe au yasagwe, kisha yachemshwe muda mrefu, saa moja na zaidi, sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Anayekuambia kisamvu huiva kwa dakika ishirini usile kwake.

Mpwani hutwanga, huchemsha, halafu huunga kwa tui la nazi. Kwanza huweka tui jepesi na kunde, au njugu mawe zilizochemshwa, au karanga zilizosagwa. Mwisho kabisa hutia tui zito, huacha litokote kidogo na kuepua kabla halijakatika. Tanzania wapo wasiokubali kisamvu cha muhogo wa kawaida. Wanataka kile cha mpira, yaani majani ya ule muhogo mrefu kama mti unaopandwa pembeni mwa nyumba. Kikisagwa huwa laini zaidi. Muuzaji wa Dar es Salaam akikwambia "hiki cha mpira, dada," anakueleza kwa nini bei imepanda.

Sasa vuka uende Bukavu, Uvira au Goma. Tui halipo. Sombe huungwa kwa mawese, mafuta mekundu ya michikichi, pamoja na vitunguu, bilinganya, pilipili na mara nyingi samaki wadogo wakavu. Rangi hugeuka kutoka kijani na kuwa na wekundu kwa mbali, na harufu husikika kutoka nyumba ya tatu. Kigoma, ambako michikichi ipo kwa wingi, watu hupika kisamvu cha mawese na kukiona ni chakula cha kawaida, jambo ambalo Mzaramo hulishangaa. Rwanda na Burundi hutumia mawese pia, na Rwanda hupenda kuongeza unga wa karanga, wakati mwingine na intoryi ndani yake. Huliwa na ugali, wali, au ndizi.

Upande wangu? Tui ni zuri kwa wali. Kwa ugali wa muhogo, mawese hayana mpinzani.

Kwa biashara, kisamvu kina sura mbili. Majani mazima yanasafiri vizuri kiasi. Yaliyosagwa, ambayo ndiyo mteja wa mjini anayataka kwa kuwa hana kinu wala muda, huanza kuchacha upesi hasa kwenye joto. Wengi wanaofanikiwa husafirisha majani na kusaga upande wa pili, karibu na mnunuzi. Mawese yenyewe, kwa upande mwingine, hayana haraka. Dumu la mawese kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika hufika mbali likiwa salama, na palipo na watu wa Kivu, Burundi au Kigoma wanaoishi ugenini, dumu hilo halikai.

Mchicha na mwenzake wa wiki

Mchicha ni rahisi, kwa hiyo tusikae sana. Uganda ni doodo, Rwanda dodo pia, Burundi na Kongo ni lengalenga, na Kikuyu ni terere. Huiva upesi, na kosa la wengi ni kuupika mpaka ugeuke uji. Kaanga kitunguu, tia mchicha ukiwa bado na matone ya maji ya kuoshea, geuza mara mbili tatu, chumvi mwishoni. Ukipenda nazi, tui zito moja linatosha. Ukipenda karanga, saga, koroga na maji ya vuguvugu, mimina na uache ziive, kwani karanga mbichi hukwamisha ladha yote. Mafuta, tui au karanga si anasa hapa: vitamini A iliyomo kwenye majani haya huchukuliwa vizuri na mwili pakiwa na mafuta kidogo.

Sukuma wiki ni hadithi nyingine. Jina lake linajieleza: ndiyo mboga iliyomsukuma mtu wa mshahara mdogo mpaka mwisho wa wiki. Kenya, sukuma haiuzwi tu, hukatwa pia. Mama mboga hukunja majani, hushika kisu na kukata nyembamba kama nyuzi huku akiongea na mteja, na mteja huondoka na mboga iliyo tayari kuingia kwenye sufuria. Muuzaji wa Holili au Mutukula anayelalamika kwamba mboga zake haziendi aangalie huduma hiyo. Mteja anayetoka kazini saa moja usiku analipia kisu chako sawa na anavyolipia jani.

Sukuma iliyokatwa nyembamba huhitaji moto mkali na dakika chache. Ikikaa sana hubadilika rangi, hutoa harufu, na hapo ndipo watoto huikataa. Ile inayotolewa pamoja na nyama choma na kachumbari bado ina ukakamavu kidogo mdomoni, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Majani ya maboga yanastahili sentensi mbili tatu, kwa sababu mtu asiyeyajua huyaharibu. Pwani ni msusa, Luganda ni essunsa. Majina yenyewe yanaonyesha undugu. Kila jani lina nyuzi zinazotoka kwenye kikonyo na kutambaa hadi kwenye mishipa. Vunja kikonyo, vuta nyuzi taratibu kama unavyomenya, zitatoka na kile kigamba chenye vinyweleo. Usipozitoa mboga itakwaruza koo hata uiunge na nazi tatu. Muuzaji anayeuza majani yaliyokwisha kumenywa anaweza kuongeza bei bila mtu kugomba.

Na matembele? Jani la kiazi kitamu. Hapa tumepata bahati adimu: Mtanzania husema matembele, Mkongo naye husema matembele.

Nyanya chungu na samaki wadogo

Tanzania wengine huita ngogwe, wengine nyanya chungu, na Kaskazini utaonyeshwa aina nyeupe kubwa iitwayo Tengeru White. Uganda ni entula, Rwanda ni intoryi. Hili ni tunda, si jani, na ndiyo faida yake barabarani: linavumilia safari, halichubuki kama nyanya, na likifungwa kwenye gunia linalopitisha hewa hukaa siku kadhaa.

Mlaji wa Dodoma hulichemsha na bamia. Muganda huliweka ndani ya mchuzi wa karanga au kando ya matoke. Lakini pishi linalounganisha pande zote ni lile la samaki wadogo wakavu. Hapo napo majina yanagombana. Tanzania ni dagaa, Kenya ni omena, Uganda ni mukene, Burundi ni ndagala, Rwanda ni indagara. Osha dagaa kwa maji ya moto, toa vichwa kama unaona haya wageni, kaanga mpaka wakauke. Weka pembeni. Kaanga vitunguu vingi, nyanya, tia ngogwe zilizokatwa mara nne, funika mpaka zilainike bila kuvurugika. Rudisha dagaa, kamulia ndimu. Ndimu ina kazi mbili: huondoa shombo, na vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga za majani utakazoweka pembeni ya sahani.

Anayesafirisha ngogwe na dagaa kwa pamoja kwenda soko moja amefikiri vizuri. Mteja mmoja hununua vyote viwili.

Kaskazini wanapenda uchachu

Wafanyabiashara wengi wa kusini hawajaitazama njia ya Elegu na Nimule, mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, kwa jicho la mboga. Huko ladha inabadilika. Acholi na Lango wana malakwang, jani chachu la jamii ya rozela. Huchemshwa, maji ya kwanza hupunguzwa ili uchachu usizidi, kisha huungwa kwa odii, yaani karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa mpaka vikawa kama siagi. Huliwa na viazi vitamu. Mtu wa pwani akionja mara ya kwanza atatafuta sukari, akionja mara ya tatu ataulizia mbegu. Majani ya kunde, ambayo wao huyaita boo, nayo huungwa kwa odii hiyohiyo.

Ukivuka hadi Juba utakuta kudra, mboga ya utelezi. Sisi tunaiita mlenda, magharibi mwa Kenya ni mrenda au murere, na Waluo husema apoth. Waarabu wa Misri na Sudan huiita mulukhiya. Juba huipika na nyama ikawa mchuzi mzito, ikaliwa na kisra, mkate mwembamba kama karatasi wa unga wa mtama. Waluhya huichanganya na majani ya kunde ili ipate kutafunika, na hulainisha kwa munyu, maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea. Asiye na munyu hutumia magadi, lakini magadi yakizidi huua vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Ncha ya kisu inatosha sufuria nzima.

Wagogo ndio wataalamu wa mlenda mkavu. Nitaurudia chini, kwa sababu ndani yake mna biashara.

Mzigo barabarani

Kwanza vipimo. Usikubali bei kabla hujajua inahesabiwa kwa nini. Fungu la Arusha si fungu la Nairobi. Nyanya za Tanzania husafiri kwa tenga, Kenya wataziongelea kwa kreti, Rwanda utatajiwa kilo. Aliyezoea gunia la kuzidisha lililofungwa kwa kilemba juu atapata taabu kwa mnunuzi mwenye mizani. Chukua mzani mdogo wa mkono. Ni rafiki asiyegombana na mtu.

Pili, mifuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Bado wapo wanaofika mpakani na mboga ndani ya rambo wakashangaa kuzuiwa. Kwa bahati nzuri plastiki haikuwa rafiki wa mboga tangu mwanzo: jani hutoa jasho ndani yake na kuoza. Kapu, gunia la katani, au tenga lililotandikwa majani ya mgomba ni bora. Chuma jioni jua likipoa au alfajiri, weka kivulini, nyunyizia maji kidogo tu. Kulowesha gunia zima ili liwe zito kwenye mzani ni ujanja unaomrudia mwenyewe, maana mboga hufika imeiva kwa joto lake.

Tatu, karatasi. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa palepale mpakani, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi wanalijua hilo. Wanachosahau ni kwamba cheti hicho ni cha forodha tu. Mboga ni mmea, na mmea una ukaguzi wake wa afya: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, na nchi nyingine zina taasisi zao. Ukikosa cheti cha afya ya mimea, afisa wa forodha akikupitisha, mwenzake wa mimea atakusimamisha, na wakati mnaelewana jua linapanda juu ya gunia lako. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama Namanga, Busia, Rusumo au Mutukula, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Ulizia dirisha la mimea kabla hujapanga foleni ya forodha, si baada yake.

Wanaovuka kwa miguu kati ya Rubavu na Goma kupitia Petite Barrière, wengi wao wanawake wenye mabeseni ya mboga kichwani, wanajua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Mpaka ukifungwa mapema, beseni la nyanya au la dodo ndilo mtaji wote, na usiku mmoja unatosha kuumaliza.

Kile kisichoogopa foleni

Kwa hiyo turudi kwenye mlenda wa Kigogo. Dodoma na Singida mvua ni za msimu mmoja, mboga hujaa miezi michache kisha hupotea. Watu wa huko hukausha majani wakati wa wingi na kuyala kiangazi. Mlenda uliokaushwa hutwangwa ukawa unga. Kijiko kimoja au viwili kwenye maji yanayochemka, karanga zilizosagwa, chumvi, koroga, na mboga ya ugali wa uwele iko tayari kabla mgeni hajamaliza kusalimia. Wasukuma nao wana nsansa, majani yaliyokaushwa, ya kunde hasa.

Njia ya kukausha ni rahisi, ila ina nidhamu yake. Chambua majani ya kunde yakiwa bado laini, osha, yatumbukize kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo kwa dakika mbili tatu, yatoe na uchuje. Tandaza juu ya chekecheke au mkeka safi uliopandishwa juu ya ardhi, kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upesi lakini hufifisha rangi na vitamini, na mteja wa mjini hutazama rangi kwanza. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Geuza kila baada ya saa chache. Jani likivunjika kwa kidole limekauka. Likijikunja bado lina maji, ukilifunga litaota ukungu. Hata mboga kavu ni zao la mmea, kwa hiyo dirisha la mimea bado linakuhusu.

Mnunuzi wake yupo. Ni Mgogo anayefanya kazi Mombasa, ni Msukuma wa Kampala, ni Mluhya aliyehamia Kigali na hajaona kunde tangu Desemba. Mwambie aloweke nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, achemshe mpaka zilainike, kisha aunge kwa karanga na kitunguu. Kama ana maziwa, aweke maziwa na alaze hadi kesho.